Maswali ya Wasomaji: Nusu ya Bei Imetoka Wapi?

SWALI: Nimesomea uashi na nina cheti. Kila nikipeleka makadirio, mwenye nyumba ananiambia kuna mtu yuko tayari kufanya kazi hiyohiyo kwa nusu ya bei yangu. Nishushe nisije nikakosa kazi?

JIBU: Usishushe, fundi. Ukishusha bei na kazi ikabaki ileile, unakula hasara. Ukipunguza na kazi, umejiunga na vishoka. Tazama kwanza karatasi unayompa mteja. Ukiandika "ujenzi wa msingi hadi lenta" na jumla chini yake, umemwachia namba mbili tu za kulinganisha, naye atachukua iliyo ndogo. Mpe mchanganuo wenye vipimo.

Anza na zege. Mita moja ya ujazo ya zege la 1:2:4 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4) inakula takriban mifuko 6.3 ya saruji ya kilo 50. Zege la 1:3:6 linakula kama 4.4. Kwenye mita 10 za ujazo, mtu keshakwepa mifuko 19, na zege likikauka hakuna jicho litakaloiona tofauti hiyo. Kwa hiyo andika uwiano, idadi ya mifuko na namna utakavyopima: boksi la sentimita 40 kwa 35, kina 25, hubeba lita 35, ambao ndio ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Kila mfuko unakwenda na maboksi 2 ya mchanga na 4 ya kokoto. Anayehesabu makoleo hapati mchanganyiko ule ule mara mbili, kwa sababu koleo la kokoto halijai kama la mchanga, na mkono ukichoka linapungua.

Taja na maji. Lita 25 kwa mfuko zinatosha, pungufu kidogo mchanga ukiwa mbichi. Wengi huongeza ili zege litiririke na wasihangaike kulishindilia. Maji ya ziada hukauka yakaacha vitundu. Ukifika lita 35, zege laweza kupoteza theluthi ya nguvu yake au zaidi.

Kwenye nondo, andika urefu wa maungio (sehemu nondo mbili zinapolaliana): mara 50 ya unene, yaani milimita 600 kwa nondo ya milimita 12. Andika nafasi ya ringi (nondo nyembamba zinazozunguka nondo kuu) na unene wa biskuti (vipande vya zege vinavyoitenga nondo na mbao), milimita 40 kwenye nguzo. Nondo iliyogusa mbao hubaki karibu na hewa, hupata kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kufuata mstari wa nondo.

Iwapo mteja ananunua vifaa mwenyewe, bei ndogo ya ufundi imetoka kwenye siku zilizopunguzwa. Zege halikumwagiliwa siku 7, mirunda inayobeba slebu (dari ya zege) iliondolewa kabla ya siku 14, au ukuta ulipandishwa zaidi ya mita moja na nusu kwa siku, udongo wa kuungia tofali ungali laini. Ziandike siku hizo kwenye ratiba yako, mteja aone analipia nini.

Na usimkashifu mwenzako. Wapo wasio na cheti wenye mkono mzuri kabisa wa kupanga tofali. Wanachokosa ni vipimo. Mpe kazi mmoja wao, umfundishe boksi na timazi.

SWALI: Mimi ni mwenye nyumba, sijui ujenzi. Nitamkagua vipi fundi?

JIBU: Nenda na futi kabla zege halijamwagwa, maana baada ya hapo umechelewa. Pima maungio ya nondo, angalia kama biskuti zipo. Mchanga upime kwa chupa angavu: uweke nusu chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa 3. Tope litatanda juu. Kwa mchanga wa milimita 100, tope likizidi milimita 8, ukatae.

Malipo yafuate hatua zilizokamilika na kukaguliwa, si siku zilizopita. Zuia asilimia 5 hadi 10 hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe, na sharti hilo liandikwe kabla ya kuchimba msingi. Fundi anayekataa hata kuliandika, mwache.