Kabla hujalaumu kristali, angalia ilipolala

Wanafunzi wapya maabara kwetu huja na lalamiko lilelile: tabaka moja la molibdenamu disulfidi (kristali ya nusu-kipitishi ya molibdenamu na salfa) linang'aa hafifu, au transista inapitisha umeme kwa kusuasua. Wengi hukimbilia kutafuta kristali nyingine. Mimi huwauliza kwanza: umelilaza juu ya nini?

Tabaka hilo lina unene wa nanomita 0.65 hivi. Elektroni zake hazina pa kujificha, kila kilicho chini zinakihisi. Karibu sote tunaanzia kwenye oksaidi ya silikoni, kwa sababu ni rahisi na ikiwa na unene wa nanomita 300 hukuonyesha tabaka moja vizuri kwenye hadubini. Lakini uso wake si laini, na ndani yake kuna chaji zilizonasa zinazozipotezea elektroni mwelekeo. Ukipata fursa, weka boroni naitraidi, kristali isiyopitisha umeme, chini na juu ya tabaka. Uso wake ni laini hadi kiwango cha atomu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walionyesha faida yake kwa grafini (tabaka moja la atomu za kaboni) mwaka 2010, na maabara nyingi duniani hutumia kristali zake zinazokuzwa na watafiti Taniguchi na Watanabe wa Tsukuba, Japani. Tabaka likifunikwa hivyo, kwenye Kelvini 4 (baridi kali mno), mstari wa mwanga wake wenye upana wa makumi ya milielektronivolti (kipimo cha nishati) hushuka hadi milielektronivolti chache tu.

Kuna mtego mmoja. Mvutano kati ya elektroni na shimo (nafasi iliyoachwa na elektroni) hutoka nje ya tabaka na kupita kwenye kitandiko, yaani kile ulicholilaza juu yake. Kitandiko kikiwa grafini, mvutano hufifia: pengo la nishati (nishati ya kuikomboa elektroni ipitishe umeme) linapungua, na nishati inayoifunga eksitoni (elektroni na shimo lake zikiwa pamoja) inapungua pia, kwa kiasi kinachokaribiana. Mabadiliko hayo mawili hufutana, na rangi ya mwanga haisogei sana! Kwa hiyo usitazame mwanga peke yake ukasema pengo halijabadilika.

Na ukiona mwanga umezimika juu ya dhahabu, usitupe sampuli. Nishati imekimbilia kwenye metali.

Pima Raman (jinsi mwanga wa leza unavyobadilishwa na mitetemo ya atomu) kabla na baada ya kuhamisha tabaka. Kilele cha karibu na 405 kwa sentimita husogea zaidi chaji ikibadilika, kile cha 385 tabaka likivutwa. Halafu andika daftarini kitandiko kilisafishwa kwa nini na kilikaa hewani muda gani, maana maji yaliyonaswa chini nayo huhamisha chaji.