Re: Ukuta wa matofali mabichi hauonekani kwenye shimo (Karditsa)

Salaam mkuu. Nimekuelewa hivi: mnachimba mabaki ya kale Thessalia ya magharibi, Ugiriki; ramani ya magnetomita (kifaa kinachopima usumaku wa ardhi) inaonyesha ukuta wa matofali mabichi, lakini shimoni mnaona udongo wa rangi moja tu.

Kwanza weka sururu chini. Tofali bichi lilioporomoka ni udongo uleule, na sururu hailitofautishi na kifusi. Kwangua kwa mwiko sentimita 1 hadi 2, fagia, kisha nyunyiza maji kwa bomba la mgongoni, ukungu mwembamba. Ukimwaga unapata tope. Funika kwa turubai dakika 20 hivi, kisha funua uangalie inavyokauka. Tofali na udongo wa kiungio havikauki kwa kasi moja, kwa hiyo mistari hujichora, na hudumu dakika chache tu. Fanya alfajiri. Saa saba mchana wa Julai, jua la kule linafuta kila kitu. Weka misumari kwenye mistari kabla ya kupiga picha.

Isipotokea, kata mfereji wa sentimita 50 ukikingama na ukuta, utafute msingi wa mawe. Na hakiki vipimo vya gridi (miraba mliyopima ardhini ili kuoanisha ramani na shimo): kosa la mita moja linatosha kuchimba pembeni ya ukuta. Mara nyingi tatizo ni hilo.

Ila ukuta ulioungua huleta alama kali zaidi kwenye ramani, na wekundu wake ungeuona. Yenu ilikuwa kali au hafifu?