Kila tarehe 1 tunaanza na sifuri

Mmeuliza wiki hii: "Unapokaribia kustaafu, ni mafanikio gani ya kazini unayojivunia?" Mimi ni ofisa mauzo wa mbolea hapa Mbeya. Mwakani natimiza 60, ile ya lazima. Ya hiari ya 55 niliipita kwa sababu ya ada za watoto. Jibu la haraka: hakuna. Fundi atakuonyesha nyumba aliyojenga. Mtu wa mauzo anafunga mwezi, anapigiwa makofi, kesho yake tageti mpya na yeye yuko sifuri. Vyeti vya muuzaji bora ninavyo, mke wangu kaviweka kabatini chini ya mashuka.

Ila kuna mama mmoja, wakala wa mbolea wa Matamba, kule milimani Makete, hanitoki kichwani tangu nisome swali lenu.

Ilikuwa mwisho wa Novemba, enzi za vocha za ruzuku ya mbolea. Nilikuwa nimebakiza urea tu, mbolea ya kukuzia, kufikisha tageti. Nikapanda zile kona za kutoka Chimala, mvua inanyesha, gari linateleza, nami napiga hesabu: mama akichukua tani kumi, mwezi umefungwa. Tena mali kauli, atalipa akiuza. Nani angekataa?

Nilimkuta anapima DAP, mbolea ya kupandia, kwenye mizani ya viazi, mfuko mmoja mmoja, ingawa kila mfuko umeandikwa kilo 50. Uliopungua anauweka pembeni, anaandika kwenye daftari. Alimaliza rundo lote mimi nimekaa. Kisha akaniingiza stoo, akanishika mkono, akaubandika ukutani. Ukuta umelowa.

"Mwanangu, urea nikiiweka hapa mpaka mahindi yafike magotini, ukungu huu utaigeuza jiwe. Nani atanunua mawe? Sasa watu wanapandia, niletee DAP. Ya kukuzia lete Januari."

Nikamweleza habari za mwisho wa mwezi. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga.

"Kwani mvua inaijua hiyo tageti yako?"

Mama ni Mkinga, na Mkinga humfundishi biashara, hilo Mbeya nzima tunalijua. Niliteremka bila oda. Bosi wa Dar akanisema mbele ya wenzangu wa kanda kwamba nazurura na mafuta ya kampuni. Mwenzangu mmoja mwezi huo alimjazia wakala wake stoo, akapata cheti. Mbolea ikaganda, deni likaishia kwa mwanasheria, cheti hakikurudishwa. Mimi Januari nilipanda tena Matamba na mama akalipa taslimu. Tangu hapo kila nikifika kwa wakala naingia stoo kwanza, ndipo nafungua kitabu cha oda. Hilo halikunipandisha cheo, wala sisemi bosi alikosea kila kitu. Mishahara yetu ilitoka kwenye hizo tageti.

Basi andikeni kwamba najivunia, kidogo, wateja walionipigia simu hata nilipohamishiwa Sumbawanga. Japo wengine walitaka tu niwaombee waongezewe mkopo. Na kikokotoo cha mafao hakina sehemu ya kuhesabu simu.

Mkwe wangu kapata kazi kama hii, anataka ushauri. Nimemwambia aende. Ila kabla ya kusaini aulize mafuta ya gari analipa nani, na wakala akitoroka na mali kauli, deni linakatwa kwenye mshahara wa nani.