Dirisha fiche na matangazo yanayokuandama: yaliyonikuta dukani kwangu Tanga

Ndugu uliyeuliza kwa nini ulisoma habari za presha kwa dirisha fiche (incognito) na bado matangazo ya dawa yanakufuata: usikimbilie kudhani simu inakusikiliza.

Nina stesheneri Ngamiani, yenye kompyuta mbili za wateja. Siku moja mama mmoja wa mtaani alikaa nusu saa akisoma mambo ya ugumba, akalipa, akaenda zake. Akaja kijana wa jirani yake kutafuta kazi. Kila ukurasa anaofungua, tangazo la kliniki ya uzazi. Akageuka: "Kaka, nani alikaa hapa?" Sikumjibu, ila jasho lilinitoka. Siri ya mtu ilikuwa inamwagika mezani kwangu.

Ni vidakuzi (cookies), vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari chako, yaani programu ya kufungulia tovuti, ili ikutambue. Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, alivibuni mwaka 1994 kwa nia njema, tovuti ikukumbuke urudipo. Balaa ni vile vya watu wa nje. Kampuni moja ya matangazo inapandikiza kipande chake cha msimbo kwenye tovuti nyingi mno, na kote inakutambua kwa kidakuzi kilekile. Ni kama mtu aliyeweka kijana wake kila barabara ya Ngamiani, kazi yake kuandika umepita saa ngapi na umeingia duka gani.

Dirisha fiche hufuta historia na vidakuzi ukishalifunga, basi. Ukiingia na akaunti yako humo ndani, wanakujua. Nahisi ndicho kilichokupata.

Sasa vivinjari: Safari inazuia vidakuzi vya nje tangu 2020. Firefox, tangu 2022, inavitenga ili kila tovuti ibaki na vyake. Chrome ndiyo ya kuishughulikia mwenyewe: Google iliahidi mwaka 2020 kuviondoa, ikaghairi 2024. Ingia Mipangilio, Faragha na usalama, uzuie vidakuzi vya washirika wengine, ndivyo hivyo vya nje. Kwenye Android futa pia kitambulisho cha matangazo, namba ambayo watangazaji huitambulia simu yako, kipo Mipangilio, upande wa Google. Ile swichi ya kuomba usifuatiliwe usiitegemee, tovuti nyingi zinaipuuza.

Dukani nimeweka kila kivinjari kifute vyote kikifungwa, na nakifunga mimi kabla mteja mwingine hajakaa.

Yule mama nilimweleza ukweli wiki ileile. Alinyamaza muda mrefu. Bado anakuja, ila hakai kitini mpaka nifunge na kufungua upya mbele ya macho yake.