Hospitali inajenga gorofa la magari nyuma ya nyumba zetu

SWALI: Hospitali ya jirani hapa Mombasa inaongeza wodi na jengo la kuegesha magari. Tunahofia nyufa, kelele na foleni. Tufanye nini? – Wakazi

JIBU: Ndugu zetu, anzeni kabla tingatinga halijachimba. Ombeni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nakala ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, kisha pelekeni maoni kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo la ripoti hiyo. Barua ibakie na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Leseni ikitolewa na hamkuridhika, rufaa kwa Baraza la Rufaa za Mazingira ni ndani ya siku 60.

Kesi za nyufa ndizo zinazoshindwa kortini mara nyingi, kwa kuwa mwenye nyumba hana ushahidi wa hali ya awali. Pigeni picha kila ukuta sasa, rula ikionekana. Ufa uliopo, wekeni alama ya penseli kwenye ncha zake na mwandike tarehe. Ukirefuka, alama itasema.

Kelele za ujenzi kwenye makazi zisizidi desibeli 60 mchana na 35 kuanzia saa 12 jioni, kwa kanuni za kelele za Kenya za 2009.

Foleni mara nyingi husababishwa na kizuizi cha tiketi kuwekwa ukingoni mwa barabara. Gari moja hula kama mita 6, hivyo magari kumi yakingoja yanaziba mita 60, na ambulensi inakwama humo humo. Daini kizuizi kisogezwe ndani kabisa, na lango la ambulensi liwe peke yake.