Hiyo V8 ya Camaro ya 1969: soma namba kwanza, bei baadaye

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: upo Ohio, mzee jirani yako amefariki, mjane wake anauza injini ya Chevrolet 350, yaani V8 ya silinda nane yenye ujazo wa inchi 350 za mchemraba, iliyolala gereji miaka mingi. Marehemu alikuwa akisema imetoka kwenye Camaro ya 1969, lile gari la kispoti la Chevrolet, na mama anataka dola 2,500. Wadau hapo juu mmoja kakwambia chukua fasta, mwingine kasema hiyo ni skrepa. Shida ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Mimi nipo karakana ya kuchonga injini huku Texas, na bloki za namna hiyo ndizo zinazotulisha, kwa hiyo ngoja nieleze tunavyozipima kabla mtu hajataja hela.

Kwanza weka pembeni mazoea ya nyumbani. Ukiwa Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi ukitaja 1HZ, ile dizeli ya Land Cruiser, bei inajulikana. Kinachobaki ni kubishana kama inawaka na kama inatoa moshi. Kwa hizi V8 za Kimarekani jina "350" peke yake halina bei. Chevrolet walianza familia hiyo ya injini mwaka 1955, na mwaka 2011 walifikisha milioni 100, vizazi vyote pamoja. Chuma hicho kimejaa kila kona. Kinachotafutwa ni injini fulani iliyotoka kiwandani ndani ya gari fulani, na hilo linasomeka kwenye namba tu, si kwenye maneno ya marehemu wala ya mjane.

Namba zipo za aina mbili, watu wanazichanganya sana. Kuna namba ya kalibu, ile inayochomoza kwenye chuma chenyewe, na kuna namba ya kugongwa, iliyopigwa kwa nyundo baada ya injini kuunganishwa. Ya kalibu iko nyuma ya bloki, kwenye ukingo ule inapofungwa giaboksi, upande wa kushoto ukiwa umekaa kwenye gari. Nina hakika nusu kwa nusu utakuta 3970010, maana ndiyo iliyosambaa kuliko zote. Ukiikuta usishangilie. Bloki hiyo ilianza 1969 ikaendelea karibu miaka ya 70 yote, ikawekwa kwenye Camaro, kwenye magari ya familia, na kwenye pikapu za kubebea majani ya ng'ombe. Upande wa pili kuna tarehe ya kalibu: herufi ya mwezi kuanzia A ya Januari hadi L ya Desemba, kisha siku, kisha tarakimu moja ya mwaka. Hapo ndipo wengi wanapigwa. "C 12 9" ni tarehe 12 Machi, lakini 9 hiyo inaweza kuwa 1969 na inaweza kuwa 1979.

Anayemaliza ubishi ni namba ya kugongwa. Simama mbele ya injini, tafuta kibamba bapa cha chuma kinachojitokeza mbele ya hedi ya kulia (kulia kwa aliyekaa kwenye gari, kwako uliyesimama mbele ni kushoto), mara nyingi kimejificha nyuma ya oltaneta na kimefunikwa na grisi na rangi. Chukua kitambaa na dawa ya kusafishia breki, futa taratibu. Tafadhali usiguse na brashi ya waya wala msasa! Ukimaliza, mulika tochi kwa pembeni, siyo kwa juu. Utaona herufi ya kiwanda (V ni Flint, T ni Tonawanda), tarakimu nne za mwezi na siku, halafu herufi za mwisho. Mwaka 1969 herufi za mwisho zilikuwa mbili, kuanzia 1970 zikawa tatu. Ukikuta tatu, hadithi ya Camaro ya 69 imekufa hapo hapo.

Ukikuta DZ, tulia. Hiyo hata siyo 350, ni 302 ya Camaro Z/28 ya 1969, lile toleo la mbio, na za mwishomwisho za mwaka ule zilitoka kwenye kalibu hiyo hiyo ya 3970010. Bloki mbili zinazofanana kwa macho kabisa: moja ya dola mia chache, nyingine ya maelfu mengi. Pembeni ya herufi hizo, au karibu na filta ya oili, panatakiwa pawe na kipande cha namba ya chasisi. Kikianza na 19N, maana yake ni Chevrolet, 1969, kiwanda cha Norwood, ambacho kilikuwa huko huko kwenu Ohio, karibu na Cincinnati. Gari lenye tarakimu sita zinazofuata likiwa bado hai, mwenye nalo ndiye mteja wako, na atatoa hela ambayo hakuna mtu mwingine atakayeitoa. Wapenzi wa Camaro wana orodha zao za namba, wanasakana hivyo kila siku.

Sasa angalia uso wa hicho kibamba. Kiwandani bloki ilikatwa kwa mashine inayoacha mistari myembamba iliyonyooka, kutoka mbele kwenda nyuma. Kibamba ni sehemu ya uso ule ule unaokalia hedi, kwa hiyo fundi akipasawazisha wakati wa oveholi, mistari na namba vyote vinaondoka. Namba nzuri juu ya uso laini kama kioo ni namba iliyogongwa juzi na mjanja. Mimi injini ya hivyo naihesabu kama haina namba kabisa, hata muuzaji aape.

Mchezo huu haupo kwenye 350 peke yake. Bloki 3963512 ya 454, V8 kubwa ya Chevrolet, ilitumika kwenye 454 za kawaida na kwenye LS6, ile kali ya farasi 450 ya gari la Chevelle la 1970. Tofauti ni kwamba LS6 hiyo imegongwa CRV au CRR. Pontiac ndiyo balaa zaidi, 350, 400 na 455 kwa nje zinafanana, na ajabu kila anayeuza anayo 455.

Tuseme namba hazina maajabu, jambo ambalo ndilo ninalolitarajia. Basi unanunua chuma cha kuchongwa, na bei yake inaanzia mwisho: injini mpya ya boksi, inayouzwa ikiwa imeshaunganishwa, inauzwaje, toa gharama ya kuifikisha hii hapo. Kwetu kupima nyufa, kuchonga silinda nane na kusafisha inazidi dola elfu moja kirahisi kabla hujanunua pistoni hata moja. Fungua hedi moja usome juu ya pistoni. Pakiwa hapana maandishi, huenda ni stendadi, inchi 4 kamili. Ikisomeka .030, yaani silinda zimeshapanuliwa sehemu hiyo ya inchi, bado ina maisha. Ikisomeka .060, kuta za silinda zimeshakonda, mimi nisingetoa zaidi ya bei ya skrepa.

Halafu baridi ya Ohio. Injini iliyoachwa na maji matupu, bila dawa ya kuzuia kuganda, hupasuka pembeni, chini ya matundu ya ekzosi, au kule ndani chini ya manifoldi ya juu. Zile plagi za duara ubavuni zikiwa zimesukumwa nje, shika kofia yako uondoke. Jaribu pia kuizungusha kwa spana ndefu kwenye bolti ya mbele ya krankshafti. Ikigoma usilazimishe, shusha bei.

Kuhusu "bolti nne" na farasi 370 anazotaja kaka wa mjane: bolti nne zinaonekana tu ukifungua sampu, kwenye kepu tatu za katikati zinazoshika krankshafti, na pikapu nyingi zilikuwa nazo, kwa hiyo haziongezi hela anazodhani. Farasi nazo usipangie bei. LT-1, ile 350 kali, iliandikwa 370 kwenye Corvette ya 1970, ikaandikwa 255 mwaka 1972. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni kwamba walibadilisha namna ya kupima.

Kwa hiyo: herufi tatu na imegoma kuzunguka, dola 200. Inazunguka, stendadi, haina ufa, panda hadi 600 au 700 ikiwa na kabureta na manifoldi zake. Vitu hivyo vidogo visome namba pia, kuna kabureta inayouzwa kuliko bloki iliyobeba. Ukikuta DZ yenye mistari yake, usimlipe mama hizo 2,500, mwambie alichonacho kisha mkubaliane kamisheni ya kumuuzia. Mume wake alikuwa jirani yako. Na kwa vyovyote chukua risiti iliyosainiwa yenye namba ya kugongwa, maana kile kipande cha chasisi polisi nao wanakisoma.

Siku ya kubeba kodi winchi. Ikiwa kamili ina kilo kama 260, vijana wanne na kamba hawatoshi, na sampu ya bati haipendi kukalia sakafu ya pikapu, iwekee tairi chini.