Saladi kurefuka na kutoa maua kabla hujaila

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini saladi yako imepanda juu ghafla na majani yamekuwa machungu, ilhali unamwagilia kila siku. Maji si kosa lako. Kinachoisukuma zaidi ni joto pamoja na mchana mrefu. Saladi hupenda ubaridi, nyuzi 15 hadi 20 hivi. Joto likizidi 25 siku kadhaa mfululizo, mmea unakimbilia kuzaa mbegu.

Itazame katikati kabisa: majani mapya yanachongoka, na kati ya jani na jani shina linaanza kuonekana. Vunja jani moja pale chini, utaona utomvu mweupe kama maziwa. Huo ndio wenye uchungu, na shina likishapanda unazidi. Kukata ncha hakurudishi ladha, nimejaribu mara nyingi. Heri uchume yote siku hiyohiyo.

Msongamano nao unachangia, na miche iliyokaa mno kitaluni. Safari ijayo weka kivuli cha mchana, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, na panda kidogo kidogo kila baada ya wiki 2. Aina isiyofunga kichwa ni nzuri zaidi, maana unachuma majani ya nje mapema.

Ukitaka mbegu, tafadhali usichukue kwenye mche uliowahi kuchanua kuliko wenzake. Utarithisha haraka hiyohiyo. Uache ule uliochelewa, maua yake ya njano yakigeuka manyoya meupe, mbegu zimekomaa.